Siri ya Papasi

Simulizi ya kweli ya mwishoni mwa wiki

SEHEMU YA KWANZA: Mgonjwa wa Kasongo

Februari 1905, mashariki mwa Kongo. Ndani ya Kasongo, mji uliokuwa ngome ya Tippu Tip na wafanyabiashara wa pwani kabla Wabelgiji hawajauteka, daktari kijana kutoka Liverpool alikuwa amelala kitandani, homa imemshika. Aliitwa Joseph Everett Dutton. Hakuhitaji mtu wa kumwambia anaumwa nini. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameutazama ugonjwa huo katika damu ya watu wengine, na sasa ulikuwa katika damu yake.

Dutton hakuwa mgeni wa maradhi ya Afrika. Mwaka 1901 huko Gambia alivitambua vimelea vya malale katika damu ya binadamu, na baadaye akavipa jina. Hata Kongo alikuja kwa ajili ya malale, yeye na mwenzake John Lancelot Todd, daktari wa Kikanada. Lakini walikuta huko homa nyingine, ambayo wenyeji walikuwa na maelezo yake tayari. Homa hiyo humpata mtu aliyelala katika kibanda chenye kimputu.

Kimputu wa Wakongo ndiye papasi wa Waswahili. Ni kupe asiye na gamba gumu, wa rangi ya udongo, mwenye ngozi iliyokunjamana. Mchana hujificha ardhini. Usiku hutoka kumnyonya aliyelala, kisha hurudi ufani kabla hapajakucha. Wapagazi wa njia za misafara kati ya pwani na Ujiji walimjua, wakajua na banda lipi la wageni ni la kulala na lipi ni la kupita tu. David Livingstone naye, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika juu ya kuumwa na kupe hawa. Nayasema haya mapema kwa sababu vitabu vya tiba hupenda kuianza habari hii siku Wazungu walipofika na hadubini. Ujuzi wa kwanza ulikuwa wa watu waliolala chini, na walioumwa.

Kilichokosekana ni ushahidi wa kile papasi anachokiingiza mwilini. Mwaka 1904 madaktari wawili nchini Uganda, Ross na Milne, walitangaza kwamba katika damu ya wagonjwa wa homa hii wameona viumbe vyembamba mno vilivyojisokota. Dutton na Todd, wakiwa Stanley Falls, mahali tunapopaita Kisangani leo, nao walikuwa wameviona. Wakaenda hatua moja mbele. Wakawaacha papasi wamuume tumbili. Tumbili akaugua.

Hilo halikuwa la ajabu sana. La ajabu lilikuwa jaribio jingine. Walichukua papasi wachanga waliototolewa maabara, ambao walikuwa hawajawahi kugusa ngozi ya mtu wala ya mnyama, wakawaweka juu ya tumbili mzima. Siku zikapita. Naye akaugua.

Tulia kidogo hapo, msomaji. Mbu humwambukiza mtu malaria kwa sababu kwanza amekunywa damu ya mgonjwa. Hawa papasi hawakuwa wamekunywa kitu. Tumbili yule ndiye mlo wao wa kwanza duniani. Ugonjwa waliutoa wapi?

Tarehe 27 Februari 1905 homa ikamuua Dutton, hapohapo Kasongo. Todd, ambaye naye aliugua, alipona. Mwaka uliofuata watafiti wawili wa Marekani, Novy na Knapp, wakampa yule kiumbe wa kwenye damu jina la marehemu, na leo wanasayansi humwita Borrelia duttonii.

Ila swali la papasi wachanga halikuzikwa naye. Mwaka huohuo wa 1905, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika koloni la Wajerumani, Robert Koch, yule aliyemgundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa akifuata njia ya misafara kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Katika kila kibanda cha kulala wapagazi alichimbua ardhi kavu akitafuta papasi. Majike wakataga. Koch akachukua yai, akalipasua, akalipaka kwenye kioo, akainamia hadubini.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA PILI: Ndani ya Yai

ILIPOISHIA: Dutton amekufa Kasongo. Papasi wasiowahi kuonja damu wamemwambukiza tumbili. Koch amelipasua yai. SASA ENDELEA.

Walikuwamo. Ndani ya yai, kabla papasi hajaumbika, bakteria walewale wa kujisokota walikuwa wamejaa. Papasi jike alikuwa amewarithisha wanawe ugonjwa kabla hawajazaliwa.

Desemba ya mwaka huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Kwa nyumba za Ugogo na Unyamwezi, habari ya yai ilikuwa nzito kuliko tuzo. Papasi huishi miaka mingi, na anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Ihame nyumba, ifunge, irudie baada ya misimu miwili ya mvua, utamkuta anakungoja. Akifa, wanawe wanao urithi wao. Nyumba ikishaingiwa na papasi wenye bakteria, haihitaji mgonjwa mpya kutoka nje ili iendelee kuugua. Koch aliwashauri wasafiri wasilale katika vibanda. Ushauri huo unamfaa mwenye hema. Mwenye nyumba alale wapi?

Tembe la Kigogo linajulikana. Kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, sakafu ya ardhi. Lina baridi nzuri mchana wa Dodoma, na halihitaji fedha kulijenga. Ila udongo ukikauka hupasuka, na ufa ndio makao ya papasi. Hebu tuingie katika nyumba moja ya namna hiyo. Watu wake nimewatunga. Yanayowapata huwapata watu kweli.

"Mama, mwili wote unaniuma," akasema mke wa mwana, mimba yake ya miezi saba. "Kichwa kama kinataka kupasuka."

"Ni malaria hiyo, mwanangu. Jifunge kanga twende zahanati kabla jua halijawa kali."

Huko zahanati, muuguzi akamchoma kidole na kukitazama kile kipimo cha haraka. Mstari mmoja tu.

"Malaria huna, mama. Nakupa dawa ya kutuliza maumivu, upumzike. Ukiona hali imezidi, rudi."

Siku chache baadaye jasho likammwagika usiku kucha, na asubuhi mwili ukawa baridi. Akaamka, akapika uji, akateka maji. Mkwewe akashukuru Mungu. Wiki ilipokatika, mwanamke yuleyule alikuwa chini ya blanketi tena, anatetemeka, meno yanagongana.

"Imerudi, mama."

Mzee yule hakujibu. Akaukunja mkeka, akaomba taa, akapiga magoti kuzitazama nyufa za chini ya ukuta. Aliyoyatafuta aliyaona.

"Humu mna papasi," akasema. "Inuka, mwanangu. Tunarudi zahanati, na safari hii nitasema mimi."

Kwa mjamzito homa hii ya kujirudia ni adui mkubwa. Mimba huharibika, au mtoto huzaliwa kabla ya wakati, au huzaliwa na bakteria tayari wamo katika damu yake. Katika maeneo ya kati ya Tanzania ugonjwa huu umewahi kuhesabiwa miongoni mwa magonjwa kumi yanayoua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wao, nina hakika, walizikwa kwa jina la malaria. Zamani damu ilipopakwa kwenye slaidi kutafuta malaria, mtaalamu mwenye jicho zuri aliweza kumwona bakteria wa papasi akijipinda kati ya chembe nyekundu. Kipimo cha haraka hakioni kisichoulizwa.

Tumrudie mgonjwa wetu. Alipona kweli, kisha akaugua kweli, bila kuumwa na papasi mwingine. Ilikuwaje?

Homa inapopanda, damu imejaa bakteria. Mwili huwatazama, hujifunza umbo la protini iliyowazunguka kwa nje, na hutengeneza kingamwili za kuishika protini hiyohiyo. Kingamwili zikikamilika, bakteria huangamia kwa wingi na homa hushuka. Lakini hubaki wachache. Hao wamebadilisha protini ya nje, kama mwanamke aliyetoka mlango wa nyuma na kanga nyingine, akapita mbele ya walewale wanaomsaka wasimtambue. Huzaliana polepole kwa siku kadhaa. Wakishajaa, homa hurudi, na mwili huanza upya kujifunza.

Ana kanga ngapi? Mwaka 1982, huko Hamilton katika jimbo la Montana, Marekani, watafiti walimchukua bakteria mmoja tu wa Borrelia hermsii, ndugu wa duttonii anayeishi katika kupe wa milima ya huko, wakamwacha azaliane katika panya. Kutoka kwa huyo mmoja walipata aina 24 zenye protini tofauti za nje. Hakuna aliyetoka nje. Zote 24 zilikuwa zimefichwa ndani ya bakteria mmoja.

Kwa hiyo kuna sanduku, na sanduku hilo limo katika vinasaba vyake. Kulifungua kulihitaji kuwa na bakteria hai, wengi, safi, nje ya mwili wa kiumbe kingine. Na hapo ndipo duttonii alipowashinda watu. Tangu siku za Koch aliwezekana kutunzwa ndani ya papasi na ndani ya panya, lakini kila alipowekwa katika chupa alikufa. Miaka ikapita tisini na zaidi. Kisha damu ya wagonjwa wa Mvumi, mkoani Dodoma, ikatiwa katika supu mpya ya maabara, na watu wakaanza kuitazama chupa.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA TATU: Herufi Milioni Moja na Nusu

ILIPOISHIA: Bakteria wa papasi ana sanduku la mavazi ndani ya vinasaba vyake, na hakuna aliyewahi kumkuza nje ya kiumbe hai. SASA ENDELEA.

Alikua. Supu yenyewe ilikuwa na sukari, protini na majimaji ya damu ya sungura, na ndani yake duttonii aliogelea na kuzaliana. Taarifa ilichapishwa mwaka 1999, na kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Mwingereza Sally Cutler. Mwanamke huyohuyo, miaka mitano kabla, alikuwa amefanikiwa kumkuza bakteria mwingine kutoka kwa wagonjwa wa Ethiopia. Huyo wa Ethiopia lazima tumfahamu, maana bila yeye simulizi hii ina mguu mmoja.

Jina lake ni Borrelia recurrentis. Aligunduliwa kabla ya wote. Mwaka 1868 daktari kijana wa Berlin, Otto Obermeier, alimwona katika damu ya watu waliokuwa wakifa kwa homa ya kujirudia. Alichapisha aliyoyaona mwaka 1873, na mwaka huohuo akafa kwa kipindupindu. Bakteria huyu hapandi papasi. Husafiri na chawa wa nguo. Chawa hamwingizi kwa kuuma: mtu hujikuna, chawa hupondeka, na bakteria waliomo mwilini mwake huingia kupitia mikwaruzo ya ngozi.

Tofauti ya gari ikaleta tofauti ya safari. Papasi haendi mbali. Ugonjwa wake ni wa nyumba, wa kitanda, wa familia. Chawa huenda kokote nguo inapokwenda. Kwa sababu hiyo homa ya chawa ilifuata majeshi, magereza, kambi za wakimbizi na njaa. Ilikumba mamilioni ya watu katika miaka ya vita vikuu viwili vya dunia, na bila tiba inaweza kuua kati ya watu 10 na 40 katika kila wagonjwa 100. Vita vilipopungua na nguo zikafuliwa, ilirudi nyuma, lakini Ethiopia haikuiacha.

Basi kulikuwa na bakteria wawili. Mmoja wa papasi, mwingine wa chawa. Wanafanana kwa umbo, wanaleta homa ya namna moja, na vitabu viliwaandika kuwa spishi mbili. Je, wana undugu gani? Na kwa nini wa chawa ni muuaji zaidi?

Kufikia hapo njia ya kuuliza swali hilo ilikuwepo. Mwaka 1997 kundi la Claire Fraser, katika taasisi ya TIGR huko Maryland, Marekani, lilikuwa limeisoma jenomu (yaani vinasaba vyote) ya kwanza ya borelia, ukoo wa bakteria hawa, yule wa ugonjwa wa Lyme, kutoka sampuli iliyopatikana kwa kupe wa kisiwa cha Shelter Island, New York. Walichokikuta kilikuwa kigeni. Bakteria wengi wana kromosomu ya duara. Borelia ana kromosomu iliyonyooka kama yetu, yenye ncha mbili, na kila ncha imekunjwa ikafungwa yenyewe. Pembeni yake kuna vipande vidogo vingi vya vinasaba, plasmidi, ambavyo vingine ni duara na vingine vimenyooka.

Kazi ya duttonii na recurrentis ilichukuliwa na kundi la Marseille, Ufaransa, likiongozwa na Michel Drancourt na Didier Raoult, pamoja na kituo cha taifa cha Ufaransa cha kusoma vinasaba, Genoscope. Cutler alikuwa nao. Duttonii aliyesomwa alitoka katika damu ya mtoto wa kike wa Tanzania, wa miaka miwili. Recurrentis alitoka kwa mtu mzima wa Ethiopia. Namfikiria sana yule binti. Homa yake imekuwa kitabu ambacho wanasayansi wa dunia nzima wanakifungua, na ningependa watu wa nchi yake nao wajue kwamba ni cha kwao.

Kusoma jenomu kwa namna ya miaka ile kulikwenda hivi. Vinasaba vilivunjwavunjwa kuwa vipande vingi mno visivyo na mpangilio. Kila kipande kilizalishwa nakala, kisha mashine ikasoma herufi zake, A, T, G na C, mia kadhaa kwa mara moja. Baada ya hapo kompyuta ilitafuta vipande ambavyo mwisho wa kimoja unalingana na mwanzo wa kingine, ikaviunga, mpaka mstari mrefu ukapatikana.

Kwa bakteria wa kawaida mambo huenda. Kwa duttonii kuna mtego, na mtego wenyewe ni lile sanduku. Jeni za protini za nje ni nyingi na zinafanana sana, zimetawanyika katika plasmidi nyingi. Kompyuta ikipata kipande cha jeni ya namna hiyo inaona mahali kumi pa kukiweka. Ukikiweka pasipo pake, umeunganisha plasmidi mbili ambazo hazijawahi kukutana. Na zile ncha zilizokunjwa hazikubali kusomwa kirahisi, kwa kuwa hazina mwisho ulio wazi. Hiyo ndiyo silaha ya bakteria dhidi ya kingamwili zetu, na bila kukusudia ikawa silaha dhidi ya wasomaji wake.

Hatimaye, Septemba 2008, matokeo yalichapishwa katika jarida la PLoS Genetics. Duttonii wa papasi: herufi 1,574,910. Recurrentis wa chawa: herufi 1,242,163. Familia za jeni za mavazi zilionekana: katika ukoo huu nyingi zimelala kimya, na jeni huvaliwa pale tu inapohamishiwa kwenye eneo maalumu karibu na ncha ya plasmidi iliyonyooka. Kisha jenomu mbili zikalazwa sambamba, jeni kwa jeni, kuanzia ncha ya kushoto.

Jeni ya kwanza ya recurrentis ikapata mwenzake kwa duttonii. Ya pili pia. Walipoendelea, ikadhihirika kuwa kuna kitu ambacho vitabu havikuwahi kukisema kwa miaka mia moja.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA NNE: Mtoto Aliyepoteza Urithi

ILIPOISHIA: Jenomu ya bakteria wa papasi na ya bakteria wa chawa zimelazwa sambamba. SASA ENDELEA.

Recurrentis hakuwa spishi nyingine. Alikuwa duttonii aliyepungua. Karibu kila alichonacho wa chawa, wa papasi anacho; lakini wa papasi ana mengi ambayo wa chawa ameyapoteza. Watafiti walikadiria upungufu kuwa asilimia 20.4 ya jenomu, yaani moja ya tano. Na hata katika zilizobaki, jeni nyingi zimeharibika: zipo, lakini hazifanyi kazi.

Zaidi ya hayo walimkuta mtuhumiwa wa uharibifu huo. Bakteria wana jeni za kurekebisha makosa yanayotokea vinasaba vinaponakiliwa au vinapokatika. Mbili kati yake, recA na mutS, zinafanya kazi kwa duttonii. Kwa recurrentis hazifanyi. Aliyepoteza mafundi wake wa ukarabati huendelea kubomoka, na makosa ya kizazi hiki hukiangukia kizazi kijacho.

Kwa nini hakufa, basi? Jibu naliona katika maisha ya wale wadudu wawili. Ndani ya papasi bakteria lazima avumilie miaka ya njaa na aweze kuingia katika yai. Ndani ya chawa hakuna hayo. Chawa hunywa damu mara kadhaa kila siku, huishi wiki chache, na hawarithishi wanawe bakteria huyu. Jeni za kuvumilia na kurithishwa zikikosa kazi, hakuna kinachozilinda zisiharibike.

Lakini hapa ndipo akili inapogoma. Aliyepoteza ndiye anayeua zaidi. Tumezoea kufikiri kwamba kiumbe kikali ni kile kilichojiongezea silaha. Jenomu hizi mbili zinasema kinyume chake, na si peke yao. Bakteria wa homa ya chawa iitwayo taifasi, Rickettsia prowazekii, amepitia njia hiyohiyo: naye ni pungufu la wenzake walio wapole kuliko yeye. Pengine kati ya vilivyopotea vimo vile vilivyomzuia bakteria asizidishe, kwa kuwa aishiye ndani ya papasi na familia moja kwa miaka hana faida ya kuwamaliza wenye nyumba. Hilo ni wazo la kupimwa bado, lakini linanishawishi.

Jambo hili halikubaki Marseille. Mwaka 2015 vijana waliotoka Pembe ya Afrika, baada ya kupita kambi na njia za mateso hadi kuvuka Bahari ya Mediterania, waliingia hospitali za Uholanzi, Ujerumani na Italia wakiwa na homa ambayo madaktari wengi wa huko walikuwa wameisoma vitabuni tu. Ilikuwa homa ya chawa, recurrentis yuleyule. Nasema hivi kwa wanaodhani ugonjwa wa nyumba za udongo ni habari ya watu wa udongo: ukoo huu una tawi lililokwisha kujifunza kusafiri.

Na nyumbani? Tiba ipo, na si ghali. Tetrasaiklini na doksisaiklini humuua bakteria huyu. Mjamzito na mtoto mdogo wana penisilini au erithromaisini. Tahadhari ni moja kubwa. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, homa inaweza kupanda ghafla na mgonjwa akatetemeka kuliko mwanzo. Ndugu wakiona hivyo hudhani dawa ni sumu, wakamtorosha mgonjwa. Abaki chini ya uangalizi. Ni wakati wa hatari, lakini pia ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Kwa upande wa kusoma vinasaba, mambo yamebadilika mno tangu 2008. Leo kuna mashine ya kusoma jenomu inayoingia mfukoni, nayo inasoma vipande virefu vya maelfu ya herufi, hivyo jeni zinazofanana hazimchanganyi msomaji kama zamani. Damu ya Dodoma haina sababu tena ya kupanda ndege ili isomwe. Hili nalitaka kwa moyo wote: isomwe hapahapa, na vijana wa vyuo vyetu, kwa maswali ya wazazi wao.

Na maswali yapo, maana wakati dunia ikimshughulikia duttonii, Mvumi ilikuwa imeshatoa habari nyingine. Watafiti wa Tanzania, Uingereza na Japani walikuwa wakipima vinasaba vya bakteria waliomo ndani ya papasi wa nyumba za huko. Walitazamia kumkuta duttonii. Mwaka 2003 jarida la Lancet likachapisha taarifa ya borelia mpya nchini Tanzania, ambaye hakuwa yeye. Mwaka uliofuata, vinasaba vyake vilipolinganishwa na vya borelia wengine, vilionekana kukaribiana zaidi na vya bakteria wa homa ya kujirudia wa bara la Amerika kuliko vya duttonii anayekaa naye nyumba moja.

Bakteria wa ukoo wa Amerika, chini ya mkeka wa Mgogo. Alifikaje?

Kisha ufa mwingine ukafunguka. Kwa miaka mia moja ilifundishwa kwamba homa ya papasi Afrika Mashariki haina mnyama anayeitunza. Ni baina ya mtu na papasi, basi. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika eneo hilohilo walitangaza kwamba wamepata vinasaba vya borelia katika damu ya nguruwe. Wakavipata pia kwa kiumbe ambaye usiku hulala ndani, hatua chache kutoka kitanda cha mtoto: kuku.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Kabla hatujakutana tena, neno kwako msomaji wa Dodoma, Singida, Tabora, Mwanza na kokote kwenye sakafu za ardhi. Mgonjwa akipona homa, kisha ikamrudia baada ya siku kadhaa, na kipimo cha malaria kikasema hana, mwambie mhudumu wa afya waziwazi kwamba nyumbani kuna papasi, na uombe damu ipakwe kwenye slaidi itazamwe kwa hadubini. Akiwa mjamzito au mtoto mdogo, usingoje homa irudi mara ya pili.